Ukuta Ni wa Nani

Ukungu wa ziwani una adabu:
huja alfajiri, huketi juu ya maji pale Kirumba,
jua likipanda nyuma ya mawe huaga, huondoka.
Huu wa chumbani kwangu haujui kuaga.

Niliuona Machi, nilipovuta kabati nikitafuta soksi ya Masalu:
doa jeusi, kama kidole cha mtoto aliyeshika masizi.
Nikalisugua kwa jiki.
Likarudi na ndugu zake.
Kufikia Mei lilikuwa ramani yenye visiwa,
Ukerewe hapa, Ukara pale,
na harufu ya kanga iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nyumba yetu Bugarika imeegemea jiwe.
Aliyejenga alibania tofali,
mlima akaufanya ukuta wa nne.
Mvua ikinyesha kwa walio juu,
jiwe hutoka jasho kwangu,
na Masalu hukohoa toka saa nane hadi adhana.

Nikampigia Bwana Lutonja.
"Fungua dirisha, Mama Masalu."
Liko wazi tangu kioo kilipovunjika.
"Basi usipikie ndani."
Napikia barazani; jirani anajua kila siku ninayounguza.
"Basi hama."
Kodi ya miezi sita iko mfukoni mwake,
minne sijailala.
"Usipoziba ufa," akanikumbusha, "utajenga ukuta."
Msemo mzuri.
Ila haukusema ukuta ni wa nani.

Jumanne nikaenda kwa Nyamizi, msaidizi wa kisheria,
meza yake imebanana na cherehani ya fundi nguo.
"Usigombane naye kwa mdomo," akasema,
"mdomo haupigwi muhuri.
Andika. Weka tarehe. Piga picha. Omba cheti zahanati.
Na kodi usiizuie kwa hasira,
kesi itageuka, uwe wewe mshtakiwa."

Usiku ule nikausoma mkataba kwa mara ya kwanza.
Mpangaji atatunza. Mpangaji atalipa. Mpangaji hatapigilia misumari.
Nikatafuta mwenye nyumba atafanya nini:
nikakuta sahihi yake, nzuri, yenye mkia.
Nikachana karatasi katikati ya daftari la Masalu,
nyuma yake saba mara nane, jibu limekosewa,
nikaandika: *Ndugu Lutonja, kwa heshima.*
Nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Nakala kwenye kopo la Kimbo.

Barua ya kwanza hakujibu.
Ya pili alijibu kwa kutuma salamu.
Ya tatu ilikwenda baraza la kata,
nao wakasema watakuja kuona kwa macho, Jumamosi.

Alhamisi akaja yeye, na fundi, na ndoo ya rangi nyeupe.
Kabla ya saa sita kazi ilikwisha.
"Mama," akasema Masalu, "ukuta umevaa sare."

Ijumaa usiku ikanyesha.

Wazee wa baraza wakasimama mlangoni na viatu vyenye tope.
Ukuta uling'aa.
Picha zangu mkononi zikawa kama uzushi.
Lutonja akakunja mikono, akatazama dari, mpole.
Bi Nyangeta, miwani imefungwa kwa uzi, hakuuliza kitu.
Aliegemea tu, kiganja wazi, kama mtu aliyechoka na kilima.
Alipoutoa mkono, rangi ilimfuata
kama ukoko wa uji,
na nyuma yake, mweusi, mbichi,
shahidi wangu alikuwa macho.

Hakuna aliyecheka. Lutonja alikohoa, mara moja.

Alhamisi watatukalisha kutupatanisha:
atengeneze, ama anirudishie kodi yangu nitafute kukavu.
Akikataa, nitapanda hadi baraza la wilaya,
na daftari litapungua kurasa.
Huenda nikashinda. Huenda nikachoka kwanza;
najua wapo wanaosubiri hilo tu.

Leo kitanda nimekisogeza katikati ya chumba,
mbali na kuta zote,
Masalu amelala juu yake kama mtu wa kisiwani.
Huko nje ukungu wa ziwa umeshaaga.
Natafuta kalamu.
Naandika tarehe.